Mwalimu wa Watoto Wadogo na Haki Yake Juu Yetu

 

Mzazi mmoja katika wasomaji wetu ametuletea swali, nasi tumeona kwamba si lake peke yake bali ni la nyumba nyingi katika miji yetu. Binti yake amemaliza masomo ya sekondari, na sasa ataka kusomea kazi ya kufundisha watoto wadogo, wale ambao bado hawajafika darasa la kwanza. Mzee hakupendezwa. Asema kazi hiyo haina pato. Asema kila mwanamke aliyezaa aijua pasi na kuisomea. Tena asema skuli anayoitaka binti imejaa watoto wa kila kabila na kila dini, naye aogopa. Ataka kujua kama ana haki ya kumkataza.

Mambo ya baba na binti yake hayamalizwi na waraka kama huu. Wakae wazungumze nyumbani kwao. Lakini hiyo kazi yenyewe ina cheo chake katika dini na ina haki zake juu yetu, na hayo ndiyo tutakayoyasema, maana twaona imedharauliwa muda mrefu na watu ambao hata hawaijui.

Na tuanze na hili neno la kwamba kila mwanamke aijua. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratun-Nahl, aya ya 78, kwamba tulitoka matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu, kisha tukapewa masikio na macho na nyoyo ili tupate kushukuru. Hivyo ndivyo vyombo vya kujifunzia, na vyombo hivyo hufanya kazi kwa nguvu kubwa kabisa katika miaka ya mwanzo. Matabibu wa leo wanasema kuwa ubongo wa mtoto hufikia karibu sehemu tisa katika kumi za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima kabla hajatimiza miaka sita. Basi miaka ambayo watu wetu huihesabu kuwa ni ya kungoja tu, mtoto akue ndipo afundishwe, ndiyo miaka ambayo msingi wa nyumba unajengwa. Ni nani katika nyinyi atakayempa msingi wa nyumba yake fundi asiyejifunza, kisha akatafuta fundi hodari wa kupaka rangi?

Tazameni mwendo wa Mtume (s.a.w.) pamoja na watoto. Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba alisali huku amembeba Umama, mjukuu wake kwa binti yake Zaynab. Akienda kusujudu humweka chini, akisimama humchukua. Alikuwa akisikia kilio cha mtoto hali yeye anasalisha watu, hufupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Na mjukuu wake alipompanda mgongoni katika sijida, aliirefusha ile sijida hata sahaba wakadhani kuna jambo limetukia. Alipoulizwa, akaeleza kwamba hakupenda kumharakisha mtoto kabla hajatosheka. Ama Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik, alikuwa ni mtoto mdogo aliyekuwa na kijindege chake, kikafa, akahuzunika. Mtume alimkuta hali hiyo, akamtania kwa kumuuliza habari ya ndege wake.

Hii hadithi ya Abu Umayr wanazuoni wametoa ndani yake mafunzo mengi, nasi twaongeza moja dogo. Mtume hakuanza na mtoto yule kwa mambo ya mbali. Alianza na kile kilichokuwa mkononi mwake na moyoni mwake siku ile. Nendeni leo katika chuo chochote kinachowafunza walimu wa watoto wadogo, mtaambiwa hilo hilo kuwa ni mlango wa kwanza wa kazi: anza na anachokijua mtoto, anachokishika, kinachomfurahisha au kumhuzunisha, kisha mpeleke kidogo kidogo kwenye asichokijua.

Imam Ghazali, katika Ihya, amemhesabu mtoto kuwa ni amana kwa wazazi wake, na ameagiza kuwa akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri, apumzike na taabu ya masomo. Kwani kumnyima mchezo na kumlemeza masomo daima huua moyo wake na kuitia butu akili yake. Ibn Khaldun naye, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, ameweka mlango mzima kueleza madhara ya ukali kwa wanafunzi: kwamba mtoto anayelelewa kwa nguvu hupoteza uchangamfu, akajifunza uwongo na hila kwa kuuogopa mkono utakaompiga. Hawa ni maimamu wetu. Hawakuyachukua haya Ulaya. Basi akija mtu leo akasema kwamba kufundisha kwa mchezo ni desturi ya Kizungu, na kwamba bakora ndiyo desturi ya Kiislamu, mjue kwamba hakuvisoma vitabu vyake mwenyewe.

Wako walimu waliotusomesha alifu kwa bakora, nasi twawaombea rehema kwa wema waliotufanyia. Walakini wema ule ulikuwa katika alifu, haukuwa katika bakora. Tena leo jambo hili si la khiari. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imemlinda kila mtu na adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza wazi mwanafunzi kupigwa. Mwalimu asiyejua kulituliza darasa ila kwa fimbo, huyo hana chombo kingine mkononi, na ndiyo maana twasema kazi hii yasomewa.

Yasomewa nini? Tutatoa mfano mmoja, nao watosha. Mtoto yuko darasani, haitiki akiitwa kwa nyuma, na akiambiwa leta hiki huleta kile. Asiyesoma kazi atamwita mkaidi, au mjinga, na jina hilo litamfuata mpaka ukubwani. Aliyesoma atashuku masikio. Atasimama nyuma yake apige kofi taratibu upande wa kulia, kisha wa kushoto. Atamwangalia kama hutazama midomo ya msemaji. Atamwita mama yake faraghani amwambie ampeleke hospitali akapimwe. Twaambiwa na walimu kwamba mara nyingine huwa ni usaha tu wa sikio uliopuuzwa. Kati ya mwalimu wa kwanza na wa pili kuna umri mzima wa mwanadamu. Vivyo hivyo, aliyesoma hujua kwa nini mkono wa mtoto wa miaka mitatu haujawa tayari kwa kalamu, na kwa nini udongo wa kufinyanga, na shanga za kutunga, na mchanga wa kuchora kwa kidole humtayarishia mkono huo. Hujua kuwa hesabu huanza kwa kuhesabu kombe za pwani na kokwa za ubuyu, si kwa kuimba moja mpaka mia pasi na kujua tano ni ngapi.

Wala jambo hili si geni kwetu katika pwani hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani waliona watoto wetu wakibaki nyuma katika skuli za msingi, wakaenda kwa Aga Khan kuomba msaada. Katika mwaka 1986 ikaanzishwa hapa Mombasa kazi ya skuli za watoto wadogo zilizoshikamana na madrasa, na aliyeisimamia tangu mwanzo ni mwalimu wa kike wa hapa hapa, Bi Swafiya Said. Wanawake wa mitaani walichaguliwa na watu wao wenyewe, wakafunzwa, wakasimama mbele ya watoto na vifuu, kombe, vifuniko vya chupa na vitambaa vilivyokusanywa majumbani; wakasomesha dini na adabu, na pamoja nayo hesabu, lugha na maarifa ya dunia. Mwaka 1990 kazi ikavuka kwenda Zanzibar, na mwaka 1993 ikafika Uganda. Wengi katika wale wanawake hawakuwa wakihesabiwa na mtu hapo kwanza kuwa ni walimu.

Njia waliyoifuata ilichukua mengi katika mafunzo ya watu wa Ypsilanti, mji wa jimbo la Michigan huko Marekani. Kule, tangu mwaka 1962, waliwachukua watoto 123 wa nyumba masikini za watu weusi. 58 wakawatia katika skuli ya watoto wadogo yenye walimu waliosoma, na 65 hawakutiwa. Kisha wakawafuata wote mpaka umri wa miaka arubaini. Wale 58 walionekana kuwa na kazi na pato bora kuliko wenzao, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Watoto 123 si umma, na Michigan si Majengo. Hata hivyo ni nadra kupata hesabu iliyofuatwa kwa uvumilivu namna ile, na mwenye kutaka kubisha na alete yake.

Twajua yuko atakayekunja uso akisema: mbona waraka wenu wataja msaada wa Ismailia, na elimu ya Wamarekani? Huyo twamrudisha Badri. Imepokewa na Imam Ahmad kutoka kwa Ibn Abbas kwamba walikuwako mateka wa Kikureshi wasio na mali ya kujikombolea, na Mtume (s.a.w.) akaijaalia fidia yao kuwa ni kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Walimu wale walikuwa ni makafiri waliokuja kupigana naye, na wanafunzi walikuwa ni watoto wa Waislamu. Ikiwa elimu ilipokewa mikononi mwa maadui waliotekwa vitani, itakataliwaje iliyoletwa na majirani kwa wema na kwa kuombwa?

Sasa tuje kwenye khofu ya yule mzee wetu, ya watoto wa kila kabila na kila dini. Hapa tungependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye uzito.

Mji wa bandari hauchagui majirani. Asubuhi mwalimu asimamapo mlangoni, ataletewa mtoto wa Mswahili wa Mji wa Kale, na wa Mdigo aliyevuka kwa feri kutoka Likoni, na wa Mgiriama, na wa Mbajuni, na wa Msomali ambaye bado hajui Kiswahili, na wa Mkamba, na wa Mjaluo afanyaye kazi bandarini, na wa Mhindi mwenye duka pale pembeni. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu amesema kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele Yake ni mwenye kumcha zaidi. Basi ni wapi watu watajuana kwa wepesi kuliko pale wanapogawana udongo wa kufinyanga, wakiwa hawajafunzwa bado kudharauliana? Dharau ni somo, na mtoto huanza kulisoma nyumbani.

Tena haki isemwe: kabla ya kuogopa mtoto wa Mkristo, watu wetu walikuwa wakibaguana wenyewe kwa wenyewe, huyu mwungwana na huyu wa shamba, huyu wa nasaba na huyu hana. Habib Saleh wa Lamu, aliyefariki mwaka 1935, alikaa akawasomesha watoto wa waliokuwa watumwa na watoto wa watu wa bara, wakati ambapo wakubwa wengi wa mji hawakuliona hilo kuwa ni jambo la maana. Katika mambo ya maulidi na mengineyo tunahitilafiana na jamaa wanaofuata njia yake, na tumeyaandika wazi mara nyingi. Lakini katika hili alitangulia, na mwenye kutangulia katika kheri hanyimwi haki yake.

Kwani kupokea watoto namna namna ni ustadi, si moyo mwema peke yake. Mwalimu hujifunza kulitamka jina la mtoto kama mama yake alitamkavyo, wala halibadili kwa sababu ni gumu ulimini mwake. Hujua kwamba mtoto asiyejua lugha ya darasa si mjinga. Humkalisha karibu na mwenzake anayependa kuzungumza, humfunza kwa vitendo na picha, na hujifunza yeye maneno matano sita ya nyumbani kwa mtoto yule: maji, chakula, choo, naumwa, njoo. Taratibu za elimu ya Kenya, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, zimetaka mtoto mdogo aanze kwa lugha inayosemwa mahali anapokaa; na katika miji yetu lugha hiyo ni Kiswahili, ambacho hakuna kabila liwezalo kudai kwamba chawatenga wengine. Twashangaa basi kuwaona wazazi wakilipa zaidi ili mtoto wa miaka mitatu asikisikie.

Na nyumba zenyewe haziko namna moja, hata za watu wa dini moja. Yuko mtoto ambaye mama yake yu Saudia akifanya kazi za majumbani, naye alelewa na bibi asiyejua kusoma. Kumpelekea bibi yule barua ni kumwaibisha; mwalimu humpa salamu, humkalisha, humweleza kwa mdomo. Yuko mtoto wa waliotalikiana, ambao kila mmoja ataka kumchukua saa sita. Fukahaa wetu wameziweka hukumu za hadhana waziwazi, na kadhi yupo. Kazi ya mwalimu si kuhukumu, bali ni kuandika tangu siku ya kwanza ni nani aliyeruhusiwa kumpokea mtoto, na kutomtoa kwa mwingine hata akija na gari kubwa. Yuko mtoto kiziwi, na kipofu, na asiyeweza kwenda. Someni mwanzo wa Surat Abasa muone namna Mtume mwenyewe alivyozinduliwa na Mola wake kwa ajili ya kipofu, Abdullah bin Umm Maktum, aliyekuja kutaka elimu wakati yeye ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi. Baada ya aya zile, hatujui skuli ya Kiislamu itatoa udhuru gani kumrudisha mtoto mlangoni kwa kuwa ni mlemavu.

Ama mtoto wa dini nyingine katika skuli yetu, twasema hivi. Mzazi wake aambiwe wazi siku ya kuandikisha: hapa kuna saa ya Kurani, na hapa kuna dua kabla ya uji. Akitaka mwanawe asiwemo katika saa hiyo, apewe kazi nyingine, na mtu wa kukaa naye, wala asiachwe uani kama mwenye adhabu. Asidhihakiwe kwa dini ya wazazi wake, asihadaiwe kwa peremende ili atamke asiyoyafahamu. Mtume (s.a.w.) alikuwa na kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, na yule kijana alipougua, alikwenda kumzuru na akakaa kichwani pake, na alipomwita kwenye Uislamu, ilikuwa mbele ya baba yake, na kijana akamtazama baba yake kwanza. Hayo yamo katika Bukhari. Mwenye kuwaficha wazazi anayowafanyia watoto wao hana mfano wa kujitetea nao.

Na binti Mwislamu akifundisha katika skuli ya serikali, au ya watu wengine, aende na stara yake na sala yake, na Katiba, kifungu cha 32, imemhifadhia hayo. Huko atalea watoto wa Waislamu pia, maana wamejaa. Wala wanaume wasijione kwamba wameepushwa na kazi hii. Aliyembeba Umama katika sala alikuwa mwanamume.

Limebaki pato, nalo ndilo tulilokusudia tangu mwanzo, kwa sababu hapo yule mzee hakusema uwongo.

Kuna watu wasemao kwamba mwalimu wa watoto afanye kazi kwa ajili ya Mungu, na kwamba akidai mshahara thawabu zake zimekwisha. Maneno haya mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe hafungui duka lake kwa ajili ya Mungu. Imepokewa kuwa katika Madina walikuwako walimu watatu wa watoto, na Sayyidna Umar akiwapa kila mmoja dirhamu kumi na tano kwa mwezi. Na sisi tulio wengi hapa pwani ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi. Basi tukumbuke utoto wake. Alikuwa yatima pale Makka, na mama yake hakuwa na cha kumpa mwalimu. Mwalimu akaridhika kumsomesha bure, kwa kuwa yule mtoto alikuwa akimshikia darasa aondokapo. Kisa hiki chasimuliwa sana ili kusifu akili ya Imam, na ni haki. Lakini kinatuonyesha pia kwamba mwalimu wa zama zile alikuwa na ujira unaojulikana, na asiyeweza kuulipa alitafutiwa njia. Haikuwa njia hiyo kuwa walimu wote wafe njaa.

Katiba ya mwaka 2010 iliziachia serikali za kaunti elimu ya kabla ya msingi pamoja na vituo vya kulelea watoto, na tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013, ndizo zinazowaajiri walimu wa skuli za serikali za daraja hii. Mwenye cheti au diploma, aliyesajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, ana mlango huo wa kubisha. Na kazi haiishii darasani. Yuko aingiaye katika elimu ya watoto wenye ulemavu, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ipo kwa ajili hiyo tangu mwaka 1986. Yuko aendeleaye mpaka shahada, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara yake. Yuko awaye mkaguzi, au mfunzi wa walimu, au mtungaji wa vitabu vya watoto kwa Kiswahili kilicho safi, ambavyo twavihitaji mno. Haya mzee wetu ayatie katika hesabu yake.

Walakini skuli nyingi za mitaa yetu na za misikiti haziko chini ya kaunti. Huendeshwa kwa ada za wazazi, na hapo ndipo mwalimu huumia. Tufanye hesabu ya mfano. Skuli ina watoto 60, ada ni shilingi 800 kwa mwezi. Kumi na watano ni mayatima na masikini, hawatozwi. Waliobaki 45 huleta shilingi 36,000, ikiwa wote watalipa, nao hawalipi wote. Kodi ya nyumba shilingi 10,000. Uji, maji na kuni shilingi 8,000. Zimebaki 18,000 kwa walimu wawili: 9,000 kila mmoja, na chaki haijanunuliwa. Ufikapo mwezi wa Agosti skuli imefungwa, ada hakuna, na mshahara hakuna. Disemba vivyo hivyo. Kisha kaunti ikitangaza nafasi, yule mwalimu huondoka katikati ya muhula, nasi husikia watu wakimlaumu kwamba hana ikhlasi. Ana watoto wake nyumbani nao wataka kula mwezi wa Agosti.

Na watu wale wale waonao ada ya shilingi 800 kuwa ni nzito, tumewaona wakikopa kwa ukumbi wa harusi, na kwa mapambo ya siku moja, na kwa biriani ambalo nusu yake hurudi jikoni. Tumeyasema haya zamani, hatuyarudii.

Dawa tunayo, nayo ni wakfu. Pwani hii imejaa wakfu za misikiti, na makaburi, na visima, na nchi hii ina tume ya serikali ya kuziangalia. Lakini ni nadra kusikia mtu akiandika wasia wa chumba kimoja cha duka kwa ajili ya mshahara wa mwalimu wa watoto wadogo. Rudini kwenye hesabu yetu: chumba kimoja kinachokodishwa kwa shilingi 15,000 kingewatoa walimu wawili kutoka 9,000 mpaka 16,500 kila mmoja, na kodi ya duka huja Agosti kama ijavyo Machi. Zile skuli za madrasa tulizozitaja ziliwekewa nazo akiba ya namna hii: wazazi walichanga chao, wakaongezewa, fedha zikawekwa mahali pa kuzaa, na skuli ikawa yapata mapato yake bila ya kugusa asili. Huo si wakfu kwa sharti zake zote za kifikihi, na wapo watakaouliza fedha ziliwekwa wapi na zilizaa kwa njia gani, nao ni swali la haki. Lakini fikira yake ni ile ile waliyotuachia wazee: shikilia shina, ugawe matunda. Wenye maduka wasiojiweza kutoa chumba kizima na washirikiane kumi, au ishirini. Ushirika katika wakfu unajuzu.

Sisi wa darasa hii tumekubaliana kuanza na mtaa wetu wenyewe. Tutafungua daftari, na katika daftari hilo kila skuli ya watoto wadogo iliyo chini ya msikiti au madrasa itaandikwa: idadi ya watoto, na wangapi hawalipi; majina ya walimu na vyeti walivyo navyo; mshahara waliopatana, na mshahara waliopewa kweli, mwezi kwa mwezi, pamoja na Agosti na Disemba. Wazee wa kamati wataombwa watie sahihi. Nakala moja itakaa kwetu, na ya pili itabandikwa mlangoni mwa skuli kwa urefu ambao mzazi aliyekuja kumchukua mtoto wake aweza kuisoma.